Baada ya kicheko, mwezeshaji afanye nini?

*Swali:* "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Dodoma. Tangu mwaka jana naongoza mazungumzo ya Alhamisi jioni kuhusu haki katika jamii. Mwezi uliopita mada ilikuwa urithi wa ardhi kwa watoto wa kike. Binti mmoja wa Chamwino akaeleza jinsi shangazi yake alivyonyang'anywa shamba baada ya kufiwa na mume. Kijana mmoja akadakia, 'Si mmezoea kuomba nyie? Mwambie aje mjini aombe.' Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikasema, 'Jamani huo ni utani, tuendelee na mada.' Yule binti hajarudi tena. Mwenzangu ninayeongoza naye anasema nilifanya sawa, kwa sababu mwezeshaji hatakiwi kuegemea upande. Na sasa mwalimu wetu anataka kila mmoja aandike ripoti ya jinsi alivyokua kama mwezeshaji. Je, nimekua? Na nifanye nini?"

*Jibu:*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka. Mfuate huyo binti wiki hii, usisubiri Alhamisi. Nenda mwenyewe, usiandike kwenye grupu la WhatsApp wala usimtume anayelala naye chumba kimoja. Ukifika usianze kujieleza. Mwambie kwa ufupi kwamba aliyoyasema kuhusu shangazi yake yalikuwa ya maana, kwamba kilichofuata hakikuwa sawa, na kwamba wewe uliyeshika kikao ndiye uliyekiacha kipite. Basi. Usimbembeleze arudi. Nimeona vijana wengi wakienda kuomba radhi, wanaishia kutokwa machozi wao, na aliyeumizwa anageuka kuwa mfariji. Usimpe kazi hiyo.

Sasa huo utani.

Mimi ni Mgogo, nimetaniwa na nimetania maisha yangu yote, kwa hiyo sitaki unisikie kama mtu asiyejua kucheka. Utani una taratibu zake. Watani wanajuana kuwa ni watani. Ukinirushia neno, nami nina ruhusa ya kukurushia zito zaidi, na waliokaa watacheka vilevile. Na siku ya msiba, mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe makaburini, anayeteka maji, anayewachekesha waliofiwa hadi wanakula. Anayedai haki ya kutania anadaiwa pia kazi ya kuzika. Ukumbini kwenu hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Palikuwa na binti mmoja anayezungumzia msiba wa kwao, na kijana mwenye vicheko vya ukumbi mzima nyuma yake. Angemjibu nini? Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na hapo usaha ulishatumbuka, ila wewe ulikuwa unaangalia saa.

Kuna jambo lingine ambalo mwezeshaji anayefanya kazi Dodoma lazima alijue, hata kama yeye katokea Mtwara au Kigoma. Hilo neno la Wagogo, wenyeji wa Dodoma na Chamwino, kuwa omba-omba, ambalo kijana yule alikuwa analirudia, halikuanguka kutoka mbinguni. Ugogo ni nchi kame, ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvua yenyewe ikikatika Februari uwele unanyauka shambani. Lakini ukame peke yake haumfanyi mtu ombaomba. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo katika nchi hii. Ikafuata njaa ambayo wazee wetu wanaiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliyoua watu wengi na kuwasambaza waliobaki kutafuta chakula kwa wenzao. Kizazi baada ya kizazi, watu walionyang'anywa akiba yao wakaitwa watu wanaopenda kuomba. Sasa angalia alichokuwa anasema yule binti: shangazi yangu alikuwa na shamba, wakalichukua. Na jibu alilopewa: basi aombe. Hadithi ni ileile, imebadilika tarehe tu. Ungekuwa na habari hiyo kichwani, usingekuwa na haja ya kumkemea mtu. Ungeiweka mezani na mazungumzo yenu ya ardhi yangepata mizizi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzako. Anasema mwezeshaji hatakiwi kuegemea upande. Nakubali, kama ana maana kwamba kila mtu aliyeingia ukumbini anastahili heshima yako, pamoja na yule kijana. Sikubali, kama ana maana kwamba kila kauli ina uzito sawa na wewe kazi yako ni kugawa dakika. Ukumbi wenyewe hauko sawa kabla hujafungua mdomo. Kuna anayezungumza Kiswahili cha Dar es Salaam chenye mbwembwe, na kuna aliyetoka Chemba anayeogopa lafudhi yake isichekwe. Kuna mwenye mkopo wa asilimia mia, na kuna asiyepata hata senti ya bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, anayekula mlo mmoja. Kuna mvulana ambaye tangu shule ya msingi ameambiwa simama uongee, na msichana ambaye ameambiwa binti mzuri ni mpole. Ukisema "mimi sina upande" katika ukumbi kama huo, upande wako ni wa yule aliyekuja na sauti kubwa. Aliyecheka alikusikia ukisema "tuendelee" akajua ameruhusiwa. Aliyechekwa naye alijua.

Nafikiri tatizo linaanzia kwenye debeti za sekondari. Wote tumepita pale: kichwa cha hoja kimeandikwa ubaoni, watetezi huku, wapinzani kule, mwenyekiti na kengele, mwisho kura na mshindi. Ni zoezi zuri la kumfundisha mtoto kusimama mbele ya watu. Lakini linatuachia kovu: tunaamini kwamba mazungumzo yakiwa moto lazima kuna anayeshinda, na anayeongoza ni mtu wa kengele. Mazungumzo ya haki hayana mshindi, kwa sababu nusu ya wanaozungumza wanazungumzia maisha yao. Huwezi kumpigia kura shangazi wa mtu.

Sasa tuingie kwenye dakika yenyewe, maana najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Kauli imetoka, kicheko kimepita. Una muda mfupi sana. Kwanza, simamisha. Usipaze sauti, ishushe: "Naomba tusimame hapa kidogo." Halafu nyamaza. Utaona kimya kile ni kirefu kama barabara ya Manyoni, na utatamani kukijaza. Usikijaze. Pili, itaje kauli bila kumtaja aliyeisema kwa tabia yake. "Imesemwa kwamba aliyenyang'anywa shamba aombe, na tumecheka. Nataka tuitazame." Huko ni tofauti na kusema "wewe ni mbaguzi." Ukimwita mtu jina, kikao chote kinageuka kesi ya kumtetea au kumhukumu, na shamba la shangazi linasahaulika. Tatu, na hapa wengi wanateleza, usimgeukie aliyeumizwa ukamwuliza "unajisikiaje?" Umemvua nguo mara ya pili. Swali lirudishe kwa waliocheka, na ujihesabu miongoni mwao kama ulitabasamu: "Tulikuwa tunacheka nini hasa?" Watababaika. Mmoja atasema ni utani tu. Hapo ndipo unapowauliza kama binti angeweza kujibu kwa neno la uzito huohuo nasi tukamcheka kijana. Mara nyingi, ukiwaachia nafasi, mmoja wao mwenyewe atasema hapana.

Na kijana? Usimwache aondoke akiwa amevimba. Mpe mlango: "Ulikuwa unataka kusema nini kuhusu ardhi?" Huenda ana hoja. Huenda kwao dada zake wanadai shamba na baba amekataa, na yeye katikati hajui asimame wapi, akakimbilia mzaha. Huenda hana hoja yoyote, na hilo nalo litaonekana. Binti naye aulizwe kitu kimoja tu, na kiwe cha kumrudishia alichokuwa anakisema: "Ulikuwa hujamaliza habari ya shamba. Ungependa kuendelea?" Akisema hapana, heshimu.

Hayo usiyafanye peke yako. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa na mpango wa mazungumzo kati ya makundi tangu 1988, na wanafunzi ndio wanaofunzwa kuwaongoza wanafunzi wenzao. Mengi ya kwao hayatufai, historia zao si zetu. Lakini mawili nayachukua bila kusita. La kwanza ni kwamba wanaongoza wawili wawili, na hao wawili wanatoka kwenye makundi tofauti ya jamii kwa makusudi. La pili ni mpangilio: kwanza watu wajenge uhusiano, kisha wachunguze tofauti zao na yanayowafananisha, ndipo waingie kwenye mada za moto, na mwisho wazungumze juu ya hatua za kuchukua. Nyie mlirukia moto. Kama Alhamisi zenu kila mara anakuja anayetaka, leo hawa kesho wale, mada nzito kama urithi inaangukia watu wasiojuana hata majina. Chagueni kundi linalokaa pamoja muhula mzima, hata kama ni dogo.

Kuhusu mwenzako, hukuniambia anatoka wapi, lakini jiulize: mnafanana kiasi gani? Kama wote mmetoka mjini, wote mna mkopo, wote mnasali mahali pamoja, basi mna macho mawili yanayotazama upande mmoja. Tafuta mtu ambaye angesikia kile kicheko kwa sikio jingine. Muwekeane ishara kabla ya kuanza. Ninaowafundisha mimi nawaambia wakubaliane jambo dogo, kama kuweka kalamu juu ya daftari: maana yake, nimeona kitu ambacho hujakiona, nipe nafasi.

Mengi niliyonayo nimeyapata vijijini, si kwenye semina, kwenye mikutano ya mipango ya matumizi ya ardhi huko Bahi na Kondoa. Ukifika unaona ukumbi wa asili: wanaume kwenye mabenchi na viti chini ya mti, karibu na meza ya mwenyekiti na mtendaji, kinamama upande wa nyuma, wamekaa chini juu ya khanga, miguu wameinyoosha, watoto mapajani. Mkutano unakwenda vizuri, wajumbe wanasema, muhtasari unaandikwa, kinamama wanaitikia kwa makofi. Mwenyekiti akishafunga, watu wanakung'uta vumbi, ndipo mama mmoja anakusogelea pembeni, huku anafunga mtoto mgongoni, anauliza kwa sauti ya chini: "Na lile shamba la marehemu, shemeji akisema ni la ukoo, mimi naenda wapi?" Mkutano mzima ulikuwa juu ya ardhi na swali la ardhi limeulizwa baada ya mkutano. Tangu hapo huwa nawaomba viongozi tuanze na makundi: wazee peke yao, vijana peke yao, kinamama peke yao, kila kundi lichague wa kulisemea, ndipo tukutane wote. Na wa kinamama aanze. Mtendaji mmoja aliniambia napoteza muda. Labda. Lakini muhtasari ule ulikuwa na mambo ambayo hayakuwahi kuandikwa kijijini pale.

Chuoni fanya vilevile. Kabla ya kuwaachia ukumbi, waache wazungumze wawili wawili. Panga viti mduara na uhakikishe hakuna anayekaa nyuma ya mwingine. Kisha mwenzako achore mduara huo kwenye karatasi, kila mtu aandikwe kwa herufi moja, na kila anapozungumza apigiwe mstari. Akikatizwa, apigiwe msalaba. Mwisho wa kikao itazameni karatasi hiyo wawili tu. Nakuhakikishia itawashtua. Utakuta herufi mbili tatu zina misitari kama ukuta wa miti, na herufi nyingine tupu kabisa, na misalaba mingi iko kwenye majina ya wasichana. Hakuna cheti cha semina kitakachokufundisha hayo.

Hukuniuliza, lakini huenda unajiuliza kama mwezeshaji aseme msimamo wake. Kwenye mambo ambayo watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana, kwa mfano vigezo vya mikopo viweje au kodi ya majengo itozwe vipi, mimi hukaa na langu tumboni mpaka mwisho, na nikiulizwa nalitaja kuwa ni langu. Lakini kama binti akeketwe au asikeketwe si mada ya pande mbili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilishalifanya kosa la jinai kumkeketa aliye chini ya miaka 18, na katika mkoa wetu huu, utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 ulikuta karibu nusu ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ndani ya mduara wako wapo waliopitia. Swali la kuzungumza ni kwa nini jambo linaendelea, nani analishikilia, bibi anaogopa nini. Ukiligeuza kuwa "wanaounga mkono huku, wanaopinga kule", umewafanya baadhi ya wageni wako kuwa kichwa cha debeti.

Kwenye urithi pia, ingia na sheria mkononi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika kesi ya Holaria Pastory kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama mwanamume. Hata hivyo, Tamko la Sheria za Mila la 1963 linaendelea kumweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume katika urithi, na ndilo familia nyingi wanalolishika hata kama hawajawahi kulisoma. Huo mvutano ndio mada. Ukiusema wazi, kijana anayesema "mila ni mila" na binti anayesema "sheria ipo" wote wanapata pa kushika, na hakuna anayelazimika kumtukana mwingine ili aonekane ana hoja.

Jambo moja la kukuonya, kwa haraka. Ukizidi kuaminika, watu watakuletea siri. Msichana atakwambia kuhusu mwalimu anayemtaka ili amfaulishe. Usiahidi kwamba halitatoka kwako, hujui litafika wapi. Wewe si mnasihi wala mpelelezi. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113, polisi kuna dawati la jinsia, na chuoni kwenu muulize kama dawati kama hilo lipo. Msindikize akitaka, uamuzi ubaki wake. Na usiligeuze kuwa mfano wa Alhamisi ijayo, hata ukificha jina. Chuo ni kidogo, watamjua.

Haya, ripoti. Nimesoma ripoti nyingi za aina hii na karibu zote zinasema "nimejifunza kusikiliza, kuvumilia na kuheshimu maoni ya wengine." Mwalimu anaweka tiki, mwanafunzi anahitimu, na hakuna aliyejua lolote. Usiandike hivyo. Chukua ile jioni moja. Andika kauli ilivyotoka, neno kwa neno. Andika ulichofanya na ulichohisi mwilini. Naamini uso ulikupanda joto na ukatazama saa au karatasi, kwa sababu karibu kila mtu hufanya hivyo. Andika ulikuwa unamlinda nani uliposema tuendelee. Nadhani ulikuwa unajilinda wewe, usionekane umeshindwa kushika ukumbi, na hilo ni la kawaida kwa anayeanza: mwaka wa kwanza mwezeshaji anajitazama mwenyewe, baadaye anatazama mbinu zake, na inachukua muda kabla hajaanza kuwaona watu. Kisha andika ulichofanya baada ya hapo na kilichotokea, hata kama binti hakukupokea. Hasa kama hakukupokea.

Umeniuliza kama umekua. Kuna kitu kimoja kwenye barua yako nilichokisoma mara mbili: umemhesabu mtu ambaye hakuja. Wengi wanaoniandikia wananitajia idadi ya waliohudhuria. Kwa hiyo macho unayo. Mkono ndio bado, na mkono unapatikana kwa kurudia, kwa sababu kauli nyingine itatoka, labda Alhamisi hii hii, na mara ya pili utachelewa kidogo tu, na ya tatu utawahi.

Ukishaandika rasimu, usimpelekee mwalimu kwanza. Mpe yule mwenzako anayesema ulifanya sawa. Muombe aongeze pembeni, kwa mwandiko wake, aliyoyaona jioni ile ambayo wewe hukuyaona, na pale mtakapokuwa bado hamkubaliani, yaacheni maelezo yote mawili yasomeke hivyohivyo.